Mbwa Mnene wa Baba Mkwe

Mbwa wa baba mkwe wangu alianguka njiani asubuhi ya Sabato, mbele ya watu wote waliokuwa wakielekea kanisani, nami nikiwa nyuma yake na Biblia kwapani. Hakugongwa na kitu. Hakupigwa jiwe. Alikuwa akipanda kile kilima kinachotoka mtoni, akahema, akasimama, miguu ikatawanyika kama ya kigoda kibovu, akalalia tumbo. Ulimi ukatoka ukagusa vumbi. Wanawake waliokuwa mbele wakageuka na kupiga ukemi. Mmoja akasema amelishwa sumu. Mwingine akainama, akamtazama vizuri, kisha akaziba mdomo kwa leso.

"Sumu gani?" akasema. "Huyu ameshiba tu!"

Wakacheka, wakaendelea na safari. Mimi nikabaki nimechuchumaa kando ya njia katika nguo yangu nyeupe, nikimpepea mbwa kwa kitabu cha nyimbo. Nilikuwa sijawahi kuona mnyama akiangushwa na mwili wake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, upande wa Ekerenyo kule Kisii, na kwetu siku hizo mbwa hakuwa kiumbe wa kunenepa. Mbwa alikuwa mbavu na mkia. Alikula ukoko wa ugali, maji yaliyosuuza sufuria, na mfupa ambao watu wameshaumaliza. Kwa hiyo mbwa mnene alizua maneno. Watu hawakuuliza ana ugonjwa gani. Waliuliza anakula kwa nani.

Alikuwa na rangi ya majani makavu ya mgomba, na nilipoolewa katika boma lile alikuwa mbwa wa kawaida kabisa, mwepesi wa kubweka na mwepesi wa kukimbia. Alikuwa wa mama mkwe. Mama mkwe alifariki kabla sijamaliza mwaka pale, na baada ya mazishi mbwa akahamia miguuni pa baba mkwe, ambaye sote tulimwita Tata, yaani baba kwa Kigusii. Mume wangu alikuwa kitinda mimba wake. Alifundisha shule ya bweni mbali, ng'ambo ya Kericho, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Ndugu yake mkubwa alikuwa na boma lake lililopakana na letu. Hivyo pale nyumbani, penye migomba, chai na ng'ombe mmoja wa maziwa wa gredi, tulikuwa wawili tu: mimi katika nyumba yangu ndogo ya upande wa chini, na Tata katika nyumba ya mabati ya upande wa juu.

Na kati yetu kulikuwa na ile heshima tunayoiita chinsoni. Asiyekulia kwetu hawezi kujua uzito wake. Mke wa mwana haingii nyumbani kwa baba mkwe ovyo. Hamkazii macho akizungumza naye. Hakai akamwona akila. Mimi nilikuwa nikipika, nabeba sahani zimefunikwa, naziweka juu ya benchi la kibarazani kwake, nasema, "Tata, chakula," kisha nageuka na kuondoka kabla mlango haujafunguka. Baadaye narudi kuzichukua pale pale. Zilikuwa zikirudi tupu. Si tupu tu. Zilikuwa zinang'aa utadhani zimekwisha kuoshwa. Nilizifurahia sana zile sahani. Nilikuwa bado mgeni, sina mama mkwe wa kuniambia kama mboga yangu ina chumvi ya kutosha, na sahani ndizo zilizokuwa zikinisifu.

Wiki ile mbwa alipoanguka, alikuja daktari wa mifugo kumtibu ng'ombe wetu aliyekuwa amevimba kiwele. Alikuwa kijana wa serikali, mwenye gambuti na sauti kubwa. Alipomaliza na ng'ombe akamwona mbwa amelala kwenye kivuli cha ghala la mahindi. Akasimama.

"Mama, yule ni mbwa?"

"Ni mbwa."

"Ana mimba?"

"Ni dume, daktari."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Lakini alipochuchumaa na kumpapasa, kicheko kilikatika. Akaniita, akaukamata mkono wangu na kuukandamiza ubavuni mwa mbwa.

"Unasikia mbavu?"

"Sisikii."

"Hata mimi. Mbwa mwenye afya ukimpapasa hivi unazipata mbavu zake mara moja, hata ukiwa umefumba macho. Huyu moyo wake unabeba mzigo wa mbwa wawili. Siku nyingine akianguka, hatainuka. Mnampa nini?"

"Ukoko. Mabaki kidogo."

"Mabaki ya hoteli?"

Mimi ndiye niliyempa chakula, na nilijua nilichompa: kiganja cha ukoko asubuhi, kiganja jioni. Daktari hakuniamini. Alinieleza kwa utaratibu, kama anayezungumza na mtoto. Nisimnyime ghafla, maana mwili ungeshtuka. Apewe chakula kidogo mara mbili kwa siku, kwa saa zile zile, na katikati asipewe kitu na mtu yeyote. Maziwa hapana, mafuta hapana, ngozi ya nyama hapana. Nichanganye ugali na boga lililochemshwa au mboga za majani, tumbo lijae bila kunenepesha. Na atembezwe, asubuhi kukiwa bado na baridi, mwendo mfupi kwanza, kisha mrefu kidogo kidogo.

"Utajuaje kwamba anapungua?" akauliza, akajijibu mwenyewe. Alichana ukambaa wa mgomba, akamzungushia mbwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, akafunga fundo pale ncha zilipokutana. "Huu utundike jikoni. Kila baada ya siku kadhaa mpime. Ukiona umelegea, unafanya kazi nzuri."

Tata alikuwa kibarazani muda wote ule, amevaa koti lake zito la jeshi ambalo hakulivua hata jua likiwaka, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alisikia kila neno. Alichosema ni kimoja tu: "Mbwa amezeeka. Mwacheni."

Mbwa yule hakuwa mzee. Lakini nani angebishana na Tata?

Nikaanza kazi. Nilipima chakula kwa bakuli la bati. Nilichemsha maboga. Niliokota avokado zote zilizoanguka chini ya mti wetu, kwa sababu nilikuwa nimemfuma mara moja akila moja kwa utulivu, ameishika kwa miguu miwili na mafuta yanamng'aa puani. Asubuhi nilimfunga kamba shingoni na kumvuta kuelekea mtoni. Hapo ndipo majirani walipopata burudani. Mwanamke Mgusii anamtembeza mbwa kwa kamba, kama wale Wazungu wa mashamba ya chai ya Kericho! Wachumaji chai walinyoosha migongo wanitazame. Mbwa mwenyewe alikuwa akiketi kila baada ya mwendo mdogo na kunitazama kwa huzuni, na nikimvuta analala kabisa, nabaki nimeshika kamba katikati ya njia.

Siku ya kupima ilipofika niliuchukua ule ukambaa, nikamzungushia. Ncha hazikukutana.

Nilidhani nimekosea. Nikausogeza mbele, nikausogeza nyuma. Bado hazikukutana, kulikuwa na nafasi ya upana wa kidole kati ya fundo na ncha. Nilikaa chini pale jikoni, ukambaa mapajani. Nilikuwa nimempunguzia chakula, naye alikuwa amenenepa zaidi.

Nikamshuku kila mtu. Nilidhani anaiba mayai kwa jirani. Nilidhani anakwenda sokoni kwenye duka la nyama. Kwa siku mbili nilimfungia mchana kutwa kwenye banda la ndama, na jioni nikimwachilia anakwenda moja kwa moja kwa Tata na kulala mlangoni pake, nami naridhika kwamba yuko mahali salama.

Kisha mke wa shemeji yangu mkubwa akaja. Nilimwita mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, naye aliniita mama tu, ingawa sikuwa bado na mtoto. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache, na hakuwa na mazoea ya kunitembelea. Alisimama mlangoni mwa jiko langu bila kuketi.

"Nimekuja kukuambia yanayosemwa," akasema, "ili usiyasikie kwa watu wabaya."

"Yanasemwa nini?"

"Kwamba mzee anakonda na mbwa ananenepa. Kwamba wewe unampikia mbwa na mzee unampa mabaki."

Mwiko ulinidondoka mkononi ukaangukia majivuni.

"Nani anakonda?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hujamwona? Unaishi naye boma moja na hujamwona?"

"Ningemwonaje?" nikasema. "Wewe ulimwona wapi?"

"Kanisani Sabato iliyopita, walipomsaidia kuinuka. Koti lilikuwa limemwinuka. Mama, ndani ya koti lile hamna mtu."

Alipoondoka nilibaki nikihesabu. Nilijua sahani. Nilijua nyama niliyomwekea, na ugali wa wimbi aliopenda, na mboga ya chinsaga, yaani mgagani, niliyoichemsha kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha. Nilijua kwamba vyote vilikwenda kwake na sahani zikarudi tupu. Hasira ilipanda, halafu nyuma ya hasira ikaja hofu. Kesho yake asubuhi nilipompelekea uji, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Niliinua macho nikamtazama usoni.

Nilikaribia kupiga kelele. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shingo ilikuwa kama ya mtoto, imesimama katikati ya ukosi mpana wa koti bila kuugusa. Macho yalikuwa makubwa. Yeye aligeukia ukutani, na mimi nikashusha macho nikaondoka.

Adhuhuri ile nilipika kama kawaida, ugali na kuku, nikaweka juu ya benchi, nikasema, "Tata, chakula," nikaondoka. Nilipofika jikoni nikakuta bakuli la mchuzi nimelisahau. Sikulisahau kwa makusudi. Nilikuwa sijielewi siku ile. Nikarudi nalo. Mlango wake alikuwa ameurudisha tu, haukufunga vizuri, na kulikuwa na joto, na jua la mchana liliingia mle ndani kwa mstari mpana.

Tata alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevua koti na shati. Mbwa alikuwa mbele yake ameketi wima, mpole kama mtoto wa shule ya Sabato. Tata alikuwa akimega tonge la ugali, analichovya, analiweka juu ya ulimi wa mbwa. Akamega lingine. Akanyofoa nyama ya kuku kutoka mfupani kwa uangalifu, ili asimpe mfupa, akampa. Sahani ilipoisha aliishusha chini, mbwa akailamba mpaka ikang'aa.

Kisha yeye mwenyewe akachukua kipande kidogo cha ugali alichokuwa amekiweka kando, kidogo kama punje ya haragwe, akakitafuna kwa muda mrefu, akameza. Nikaona shingo ikikaza. Akainama. Mkono mmoja ukashika ukuta, mgongo ukapanda na kushuka, kila pingili ya uti wa mgongo naiona, na kile kipande kikarudi kikaangukia ndani ya mkebe uliokuwa kati ya miguu yake. Alijifuta mdomo kwa kitambaa. Hakuonekana kushangaa. Alikuwa amekwisha kuzoea.

Bakuli la mchuzi lilinitoka mikononi.

Aligeuka. Sijui nani alishtuka zaidi. Alilivuta koti akajifunika kifua kama mwanamke, na mimi nilijua kwamba ilinipasa kukimbia, nikaoge, nikae ndani kwangu mpaka wazee waambiwe. Miguu haikukimbia. Ilinipeleka mbele. Niliingia nyumba ile, nikapiga magoti sakafuni mbele ya baba mkwe wangu asiye na shati, kati ya mkebe na mbwa.

"Tata, tangu lini?"

"Toka humu ndani."

"Tangu lini hakipiti?"

"Mokamwana," akasema, yaani mke wa mwanangu, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "toka nje. Utajiletea aibu."

"Aibu ninayo tayari. Watu wanasema nakunyima chakula."

Hilo lilimgusa. Alimtazama mbwa akilamba mchuzi uliomwagika. Hatimaye akasema, akiwa ameelekeza uso dirishani, kwamba chakula kilianza kukwama kidogo kidogo baada ya mazishi. Kwanza nyama, ilikwama. Baadaye ugali. Sasa kilichopita ni uji mwepesi na maziwa, tena polepole.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungemwambia mwanangu. Mwanangu angenipeleka hospitali. Mama yenu alikwenda hospitali akitembea kwa miguu yake. Alirudije?"

Alirudi amefunikwa. Nilikuwepo.

"Nikirudisha sahani na chakula ungejua," akasema. "Na ungefikiri napuuza mapishi yako. Chakula chako ni kizuri. Nakisikia harufu." Akamwekea mbwa mkono kichwani. "Huyu alikula kwa niaba yangu."

Nililia, si kwa huzuni. Ulikuwa ule mshtuko ambao mwili haujui pa kuupeleka. Niliokota vipande vya bakuli, nikatoka, nikaenda moja kwa moja barabarani nikimtafuta mtu wa lori anayekwenda Keroka, ili ujumbe upande basi la Kericho na umfikie mume wangu: njoo, baba yako hali chakula.

Alifika kesho yake jioni. Nilipomweleza, neno lake la kwanza halikuwa juu ya ugonjwa.

"Uliingia ndani?"

"Niliingia."

"Akiwa hana shati?"

"Hana."

Alinitazama kana kwamba hanijui. Kisha akapanda kwa baba yake, na mimi nikasimama nje ya ukuta, nikisikiliza. Hawakugombana. Mume wangu alitoka na koti la baba yake mkononi, akaliinua juu, akaliangalia, akaketi kwenye benchi akaanza kulia kwa sauti. Baadaye ndugu yake mkubwa akaja na mkewe, na yule mke wa shemeji akanishika bega.

Kazi ikawa kumshawishi Tata. Alikataa, akakataa, mwishowe akaleta sababu ya mwisho aliyokuwa nayo.

"Nani atakaa na mbwa?"

"Mimi, Tata," nikasema kutoka nje. "Lakini nitampunguza."

"Utampunguza nini?"

"Mafuta."

Mle ndani kikatoka kicheko, kikageuka kikohozi, na nikasikia mume wangu akisema kwa upole, "Basi twende, Tata."

Walikwenda kwa pikapu mpaka Kisii, na kutoka Kisii wakaelekezwa hospitali kubwa zaidi, mbali. Nilibaki nikingoja habari ya kifo, maana sikujua habari nyingine ya kungoja. Na kwa sababu kukaa bure kungenitia wazimu, nikamgeukia mbwa.

Safari hii hakukuwa na mkono mwingine wa kumlisha. Siku za kwanza alinichukia. Saa ya adhuhuri alipanda kwa Tata, akaketi wima mbele ya mlango uliofungwa, akangoja, na asipofunguliwa alilia kwa sauti nyembamba mpaka wapita njia wakadhani kuna mtoto. Usiku alikwangua mlango wangu. Boga alilinusa na kuliacha. Siku ya pili akalinusa na kula nusu. Baadaye akawa analila lote na kuramba bakuli. Nilimpa dagaa kidogo juu ya mboga, ili asione dunia imemgeuka kabisa.

Kutembea ndiko kulikokuwa kugumu. Kwanza tulifika lango tu. Halafu kisima. Nilimwacha apumzike kila alipotaka, sikumvuta tena, nikachukua kikapu changu cha chai mgongoni ili safari iwe na faida. Alikuwa akilala kwenye mistari ya chai nikichuma, na kila nikisogea analazimika kuinuka na kunifuata, na hivyo, bila kujua, alikuwa akitembea asubuhi nzima. Wachumaji wakaacha kucheka. Mmoja wao alianza kuniuliza kila siku, "Leo amefika wapi?" kama anayeuliza hali ya mgonjwa.

Ukambaa ulikutana. Baadaye ukapitana. Siku moja nikimtoa kupe nilihisi kitu kigumu chini ya vidole, nikadhani ana uvimbe. Nikapapasa tena. Ilikuwa ubavu. Kando yake ubavu mwingine. Nilimwita mke wa shemeji aje ashike, naye akashika, tukacheka pale uani kama wasichana.

Habari kutoka hospitali zilikuja vipande vipande, kwa watu wa basi. Kwanza, yu hai. Kisha, si saratani tuliyokuwa tukiiogopa. Mume wangu alipokuja alinieleza vizuri: njia ya chakula ilikuwa imefanya kovu na kubana, labda kwa kiungulia cha miaka mingi ambacho Tata hakumwambia mtu. Daktari alikuwa akiipanua kwa mirija maalumu ya mpira, kidogo leo, kidogo wiki ijayo. Ilimuuma, lakini maji yalipita, halafu uji mzito, halafu ndizi iliyopondwa.

"Anauliza habari za mbwa kila siku," mume wangu akasema. "Anamtaja kwa Kigusii, na wauguzi wanadhani ni jina la mtoto wake."

Siku aliyorudi mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ilikuwa tope. Pikapu iliwaacha chini, wakapanda kwa miguu, Tata akishikwa mkono. Mimi nilisimama langoni na mbwa. Niliahidi moyoni kutomkodolea macho, nikashindwa. Alikuwa na mashavu. Si makubwa, lakini yalikuwepo.

Yeye hakunitazama mimi. Alimtazama mbwa, akasimama katikati ya tope.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni wako, Tata," nikasema.

"Wangu yuko wapi? Amekufa? Mmenificha?" Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Mokamwana, mbwa wangu umemfanya nini?"

Kabla sijajibu, mbwa alikuwa amesikia ile sauti. Alishuka kilima kile mbio, masikio yamelala nyuma, akamrukia Tata kifuani kwa nguvu kiasi kwamba wote wawili pamoja na mume wangu walianguka kwenye tope. Tulipiga kelele. Tata alikuwa chini amelala chali, mbwa akimlamba uso, naye mikono yake ikipita ubavuni mwa mnyama yule juu na chini, juu na chini.

"Ana mbavu!" akapaza sauti. "Mmemnyima chakula! Ana mbavu!"

"Hata wewe bado unazo," mume wangu akamwambia, akimvuta ainuke.

Baada ya hapo boma letu lilikuwa na wawili wanaokula kwa masharti. Tata alitakiwa kula kidogo kidogo, laini, akiwa ameketi wima, asilale mara tu baada ya kula. Mbwa alitakiwa kula mara mbili na asipewe kitu katikati. Mbwa ndiye aliyekuwa rahisi. Tata alilalamika kwamba ndizi iliyopondwa ni chakula cha mtu asiye na meno, na mara nyingi niliufuma mkono wake ukishuka polepole chini ya benchi na kipande. Sikunyamaza tena. "Tata," nilikuwa nikisema nikiwa mbali, bila kutazama, "mkono." Mkono ulikuwa ukirudi juu. Mara mbili tatu alirudi hospitali njia ipanuliwe tena, na hakukataa kwenda, ingawa kila mara aliaga kama asiyerudi.

Sikuadhibiwa kwa kuingia nyumba ile. Wazee walizungumza, mume wangu akatoa kilichotakiwa kutolewa, yakaisha. Wanawake wengine walinikwepa kwa muda. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilikuwa nikiota ule mgongo ukipanda na kushuka kwenye mstari wa jua, naamka nimeloa jasho.

Jambo ninalopenda kulikumbuka ni la mwaka uliofuata, mahindi yalipokuwa mabichi. Tumbili walikuwa wakitoka kwenye miti ya mtoni kila adhuhuri na kutuibia, bila kumwogopa mtu, maana walijua hakuna mbwa wa kuwafukuza upande ule. Siku hiyo nilikuwa napalilia, Tata amekaa kwenye ukingo wa shamba na kofia yake. Tumbili mmoja mkubwa alishuka, akavunja hindi, akaketi kulimenya huku akitutazama. Sikumwona mbwa alipoanza kukimbia. Niliona tu mahindi yakigawanyika mstari mmoja mrefu, na yule tumbili akageuza kichwa, akaachama, akatupa hindi, akapanda mti wa kwanza aliouona, nao ulikuwa mgomba. Mgomba ukainama naye. Mbwa akasimama chini akibweka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa bibi harusi. Tata alishika magoti yake akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nikaogopa kwamba atakabwa, nikamkimbilia na kibuyu cha maji. Aliyanywa yote kwa mkupuo mmoja, yakapita, akanirudishia kibuyu na kuuliza kama kuna uji.